Kulinganisha Bastola Zinazofanana Kabla ya Kununua: Mwongozo kwa Wenye Leseni wa Malindi

Mkazi wa Malindi aliyekwisha kupata idhini ya kumiliki silaha, na ambaye sasa anatafuta bastola ya kujilinda, hukutana na tatizo ambalo karatasi za watengenezaji hazimtatulii. Glock 19 ina mtutu wa milimita 102 na magazini, yaani kasha la risasi, ya risasi 15. CZ P-10 C nayo ina mtutu wa milimita 102 na magazini ya risasi 15. SIG Sauer P320 ya ukubwa wa kati ina mtutu wa milimita 99 na magazini ya risasi 15, na CZ P-07 ina mtutu wa milimita 95 na magazini ya risasi 15 vilevile. Zote nne zinatumia risasi ya milimita 9 kwa 19, zote zina mpini wa polima, yaani plastiki ngumu, na zote zimethibitika kuwa ni silaha za kutegemewa. Anayezichagua kwa kusoma tarakimu hizo atakuwa hajachagua chochote.

Tofauti zao ziko mkononi. Msimamo ninaoutetea katika mwongozo huu ni kwamba, kati ya bastola za daraja moja, inayokufaa ni ile ambayo mkono wako unafikia kila kitufe chake bila kuuachia mpini, na unaendelea kuifikia hivyo hata kiganja kikiwa kimelowa jasho. Jina la kiwanda, bei na sifa zinazosimuliwa na wamiliki wengine ni mambo ya kufikiriwa baadaye. Mengi ya yafuatayo yangemfaa mtu wa Nairobi pia, lakini sisi tunaoishi kando ya bahari tuna mambo matatu ya ziada ya kuyazingatia: joto linaloloweka viganja karibu mwaka mzima, nguo nyepesi zisizoficha kitu kinene, na hewa ya chumvi inayotulazimisha kusafisha chuma mara kwa mara. Aidha, wengi wetu husafiri hadi Mombasa, mwendo wa kilomita zipatazo 120, au hadi Nairobi kabisa, ili kuzishika bastola kadhaa kwa pamoja. Saa moja au mbili mbele ya meza ya muuzaji hupita upesi, na mtu asiye na utaratibu huondoka na bastola iliyomvutia macho.

Hatua ya kwanza: hakikisha unastahili kuigusa

Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, inamtaka raia awe na cheti kabla ya kumiliki silaha, na Bodi ya Leseni za Silaha ndiyo inayosimamia jambo hilo. Tangu ukaguzi mpya wa wamiliki ulioanza mwishoni mwa 2018, masharti hayo yamekuwa yakifuatiliwa kwa makini zaidi. Kwa hiyo majaribio yote yaliyoelezwa hapa yafanyike mahali pawili tu: dukani kwa muuzaji mwenye leseni, mbele yake na kwa ruhusa yake, au katika uwanja ulioidhinishwa wa kulenga shabaha, chini ya msimamizi. Usiazime bastola ya rafiki ukaijaribu shambani huko Ganda au Kakuyuni, hata kama rafiki huyo ana cheti halali. Cheti chake hakikuhusu wewe, na nyote wawili mtakuwa mmejiingiza katika kosa la jinai kwa ajili ya udadisi wa dakika tano.

Hatua ya pili: zithibitishe kuwa ni tupu, kila inapobadilisha mikono

Elekeza mdomo wa mtutu mahali ambapo risasi, kama ingetoka, isingemdhuru mtu, na uweke kidole cha shahada kimenyooka juu ya fremu, yaani kiunzi cha bastola, nje ya triga, yaani kifyatulio. Toa magazini kwanza. Kisha rudisha nyuma slaidi, yaani kile kipande cha juu cha chuma, ukaifunge hapo nyuma, na utazame ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu linalokaa risasi; baada ya kutazama, ingiza ncha ya kidole uguse, kwa sababu mwanga wa dukani unaweza kudanganya. Mpangilio huu haubadilishwi. Mtu akikoki kwanza, yaani akivuta slaidi nyuma na kuiachia, ilhali magazini ingali ndani, atatoa risasi moja kutoka chemba na kupandisha nyingine papo hapo, kisha ataitoa magazini akiamini kuwa bastola ni tupu.

Fanya hivyo hata kama muuzaji amefanya mbele ya macho yako, na fanya tena ukiiweka chini kisha ukaichukua. Muuzaji anayeijua kazi yake hatachukizwa, bali atakuheshimu. Baada ya hapo omba ruhusa ya kufyatua bila risasi, na kama ana risasi bandia za mazoezi, aziingize yeye mwenyewe. Hakikisha pia kwamba hakuna risasi halisi juu ya meza hiyo.

Hatua ya tatu: tenganisha bastola kwa namna zinavyofanya kazi

Usiridhike kuambiwa kwamba hii ni Ceska, yaani CZ, au hii ni Glock. CZ 75 B, CZ P-07 na CZ P-10 C zote zinatoka katika kiwanda cha Uherský Brod nchini Cheki, lakini kila moja inamtaka mtumiaji afanye jambo tofauti kabla na baada ya kufyatua. Mwulize muuzaji jina kamili la muundo na toleo lake, kisha uzipange mezani katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni la bastola zisizo na nyundo ya nje, ambazo ndani yake mna pini ya kupigia inayosukumwa na springi. Glock 19, P-10 C na P320 ziko hapa. Uzito wa triga zao, yaani nguvu ya kidole inayohitajika kuzivuta, ni ule ule kuanzia risasi ya kwanza hadi ya mwisho, na katika Glock na P-10 C kinga ya kwanza ya kuonekana ni kile kijiulimi kilicho katikati ya triga, kinachozuia triga isirudi nyuma mpaka kidole kikibonyeze. Fungu la pili ni la bastola zenye nyundo, kama CZ 75 B, CZ P-07, SIG Sauer P226 na Beretta 92 FS. Katika hizi, nyundo ikiwa imelala, mvuto wa kwanza wa triga huwa mrefu na mzito kwa kuwa kidole ndicho kinachoinua nyundo. Risasi ya pili na zinazofuata hutoka kwa mvuto mfupi na mwepesi, kwa sababu slaidi imekwisha kuikoki nyundo yenyewe.

Linganisha ndani ya fungu moja kwanza. Anayeshika Glock 19 na papo hapo akashika CZ 75 B atahisi tofauti kubwa, lakini hatajua imetokana na mpini, na triga, na uzito, au na vyote kwa pamoja, maana CZ 75 B ya chuma ina uzito wa takriban kilo moja ikiwa tupu, ilhali Glock 19 na magazini yake tupu haifiki gramu 700.

Hatua ya nne: mpini

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko penginepo.

Shika bastola kwa mkono wako wa nguvu ukiwa unatazama pembeni, kama utakavyoishika siku ambayo hutakuwa na nafasi ya kuitazama. Panda iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada inatakiwa ipande juu kabisa, iguse sehemu ya fremu iliyo chini ya slaidi bila kuacha pengo. Kadiri mkono unavyokaa juu ndivyo mtutu unavyoruka kidogo wakati wa kufyatua, kwa kuwa nguvu ya risasi inarudi nyuma karibu na mstari wa kifundo cha mkono. Sasa tazama: je, mtutu umenyooka sambamba na mifupa ya mkono wako wa mbele, au umepinda upande mmoja? Kama ulilazimika kuuzungusha mpini ili kidole kifike kwenye triga, mpini huo ni mnene kwako, au ni mrefu kutoka nyuma hadi mbele.

Kisha angalia kidole cha shahada. Nyama ya ncha yake, katikati ya kucha na kifundo cha kwanza, ndiyo inayofaa kukaa juu ya triga. Kikiingia mpaka kwenye kifundo, utakuwa unaivuta bastola kando kila unapofyatua. Kikifika kwa ncha tu, utakuwa unaisukuma. Beretta 92 FS, ambayo toleo lililoitangulia, 92 F, lilichukuliwa na jeshi la Marekani mwaka 1985, inapendwa sana na wenye mikono mikubwa, lakini mtu mwenye vidole vifupi huhangaika na mvuto wake wa kwanza, kwa kuwa mpini ni mnene na triga iko mbali. Jambo hilo ni la vipimo vya mwili, na mazoezi hayarefushi kidole.

Watengenezaji wa leo wametoa suluhisho kwa kuweka migongo ya mpini inayobadilishwa, yaani vipande vya kupachika nyuma ya mpini. P-10 C huja na migongo ya ukubwa wa aina tatu. Glock ilianza kutoa migongo ya kuongeza katika kizazi cha nne, mwaka 2010. Kizazi cha tatu hakina. Mwombe muuzaji akubadilishie kabla hujatoa hukumu, kwa sababu bastola iliyoachwa na mgongo usiokuwa wako inaweza kukataliwa bila haki. Katika Glock kuna jambo jingine: vizazi vya tatu na vya nne vya Glock 19 vina mabonde ya vidole mbele ya mpini, na kizazi cha tano, kilichotoka 2017, kiliyaondoa. Mtu ambaye vidole vyake vinalingana na mabonde hayo huyapenda. Ambaye vidole vyake vinaangukia juu ya matuta atahisi vidole vikitenganishwa, na mshiko wake utalegea kadiri anavyofyatua. Nionavyo mimi, mpini ulionyooka ndio salama zaidi kwa mnunuzi ambaye hajapiga risasi nyingi, maana haumlazimishi mkono wake mahali pa kukaa.

Hesabu vidole pia. Kidole cha mwisho kikining'inia hewani chini ya mpini, kama ilivyo kwa wengi wanaposhika bastola ndogo zaidi ya hizi, umepoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kuizuia isiruke.

Baada ya hayo lowesha viganja. Nasisitiza jambo hili kwa sababu maduka mengi yana kiyoyozi, na mkono uliokauka hupenda kila mpini. Omba maji kidogo, ujipake viganjani na katikati ya vidole, ufute kwa juu juu tu, kisha urudie mshiko ule ule. Mipini laini itaanza kuteleza hapo hapo. Ile yenye chembechembe kali, kama ya P-10 C, itabaki imeng'ang'ania, lakini usiishie hapo: chembechembe hizo hizo, zikisugua ngozi ya kiuno chini ya shati la pamba kuanzia asubuhi hadi jioni katika joto la kaskazi, zinaweza kumfanya mtu aache bastola nyumbani. Sugua mpini mara kadhaa upande wa ndani wa mkono wako, ambapo ngozi ni laini, na utajua unachokinunua.

Jaribio la mwisho la mpini linahusu mwinamo wake. Ukiwa umethibitisha tena kwamba bastola ni tupu, na umeelekea ukuta ambao muuzaji amekuonyesha kuwa ni salama, fumba macho, inyanyue kwa mikono miwili mpaka usawa wa uso, kisha fumbua. Vilengeo viwili, cha nyuma na cha mbele, vinatakiwa viwe vimelingana au vinakaribia kulingana. Mpini wa Glock umelala zaidi kuliko wa bastola nyingi, na mtu aliyezoea CZ au SIG akifumbua macho mara nyingi hukuta kilengeo cha mbele kiko juu. Hilo linaweza kurekebishwa kwa mazoezi, tena bila taabu nyingi. Lakini kama bastola mbili zinakufaa kwa mengine yote, ichukue ile inayonyooka yenyewe.

Hatua ya tano: vitufe na nyenzo

Bila kubadilisha mshiko ulioupata, jaribu kufikia kila kitu kwa kidole gumba: kitufe cha kuachia magazini, wenzo wa kuzuia slaidi, na swichi ya usalama au wenzo wa kushushia nyundo kama upo. Jaribu kila kimoja mara nyingi, na ujiulize swali moja tu: je, mkono umesogea? Wengi wetu tunalazimika kuzungusha bastola kidogo ili kufikia kitufe cha magazini, na hilo linavumilika, kwa kuwa wakati huo hufyatui. Lakini swichi ya usalama isiyofikika bila kulegeza mshiko ni sababu ya kutosha ya kuirudisha bastola mezani.

Uelekeo wa swichi unahitaji tahadhari ya pekee. Katika CZ 75 B swichi iko kwenye fremu: ukiipandisha, silaha imefungwa, ukiishusha, iko tayari. Katika Beretta 92 FS swichi iko juu ya slaidi na inakwenda kinyume: ukiishusha, nyundo inalala na silaha imefungwa, ukiipandisha, iko tayari. Kila mpangilio una mantiki yake na kila mmoja unafunzika. Hatari inampata mtu aliyezoea mmoja akanunua mwingine, kwa sababu kidole gumba hufuata mazoea kabla akili haijakumbuka ni bastola gani iliyo mkononi. Kama ulihudumu katika jeshi au polisi na mkono wako umezoea uelekeo fulani, baki nao.

Kwa upande wa kushusha nyundo, CZ 75 B ya kawaida haina wenzo wa kazi hiyo, hivyo anayetaka kuilaza nyundo juu ya chemba yenye risasi hulazimika kuizuia kwa kidole gumba huku akivuta triga. Simshauri mnunuzi mpya aikubali kazi hiyo, hasa kwa vidole vyenye jasho. SIG P226 ina wenzo wa kushushia nyundo upande wa kushoto wa fremu, na CZ P-07 inamruhusu mmiliki achague kati ya wenzo wa namna hiyo na swichi ya usalama, kwa kuwa vipande vyake hubadilishana. Ukishika P226 kwa mara ya kwanza, angalia pia kwamba wenzo wa kuzuia slaidi uko nyuma zaidi kuliko kwenye bastola nyingine. Mtu mwenye kidole gumba kirefu anaweza kuukandamiza bila kujua, na slaidi isibaki nyuma magazini inapokwisha.

Mashoto wasikubali kuambiwa kwamba watazoea. Glock za kizazi cha nne na cha tano zina kitufe cha magazini kinachohamishika upande wa pili, na kizazi cha tano kina wenzo wa slaidi pande zote mbili. P-10 C ina wenzo wa slaidi pande zote mbili pia. Matoleo yake ya mwanzo yalikuwa na kitufe cha magazini pande zote, na ya baadaye yana kinachohamishika.

Sasa rudi kwenye viganja vilivyolowa na ukoki. Shika slaidi kwa mkono wa pili, uivute nyuma kabisa na kuiachia, mara kadhaa. Bastola za familia ya CZ 75, pamoja na P-07, zimejengwa slaidi ikitembea ndani ya fremu, jambo linaloifanya ikae chini na kutulia vizuri wakati wa kufyatua, lakini linaloacha chuma kidogo cha kushika kwa vidole. Slaidi ya Glock na ya P-10 C iko nje ya fremu na ni pana. Mwenye nguvu ndogo ya vidole, au mwenye maumivu ya viungo, atahisi tofauti hiyo mara moja, na ni afadhali aihisi dukani.

Hatua ya sita: triga

Vuta taratibu, ukitazama kilengeo cha mbele. Utapita kwanza sehemu legevu, kisha utakutana na ukinzani, kisha nyundo au pini itaachiliwa. Unachokitafuta ni kwamba kilengeo kisitikisike wakati wa kuachiliwa, na kwamba uweze kukisia mahali ambapo kuachiliwa huko kutatokea. Wauzaji hupenda kusifu triga nyepesi. Mimi sioni kwamba wepesi ni sifa kwa bastola itakayobebwa chini ya nguo. Triga ya kawaida ya Glock, yenye takriban kilo mbili na nusu, inatosha kwa mtu mzima na bado inakataa mguso wa bahati mbaya. Katika bastola za nyundo, jaribu mvuto mrefu wa kwanza zaidi ya ule mfupi, kwa sababu huo ndio utakaoutumia kwa risasi ya kwanza nyundo ikiwa imelala, na ndio watu wanaousahau dukani baada ya kufurahishwa na wa pili.

Hatua ya saba: kufungua kwa ajili ya kusafisha

Wanunuzi wengi huiruka hatua hii, na kwa mtu wa pwani ni kosa. Fremu ya polima haishiki kutu, lakini slaidi, pini, springi za magazini na skrubu za vilengeo ni chuma, na hewa ya Malindi yenye chumvi na unyevu, pamoja na jasho la mwili, huanza kazi yake mapema. Bastola inayobebwa hapa inahitaji kufutwa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila jioni na kufunguliwa mara kwa mara, hata kama haijafyatuliwa.

Ndiyo maana namna ya kuifungua ni sehemu ya vitufe vyake. Glock na P-10 C zinakutaka uvute triga kabla slaidi haijatoka. Hakuna ubaya katika hilo kwa mtu anayekagua chemba kila mara, lakini ni mvuto wa triga unaorudiwa kila unaposafisha, nyumbani, pengine umechoka, na ajali nyingi zinazosimuliwa za watu kujipiga wakisafisha huanzia kwenye risasi iliyosahaulika ndani ya chemba. P320, P226 na Beretta 92 FS hufunguliwa kwa wenzo wa fremu, na CZ 75 B na P-07 kwa kuusukuma nje wenzo wa slaidi, zote bila kugusa triga. Kama katika hatua zilizotangulia bastola mbili zimelingana mkononi mwako, ningelipa jambo hili uzito wa kuamua. Mwombe muuzaji akuonyeshe, kisha uifungue na kuifunga mwenyewe, vidole vikiwa na mafuta.

Hatua ya nane: kiunoni

Silaha ya raia hubebwa ikiwa imefichwa, na mavazi yetu hayasaidii. Weka bastola tupu ndani ya ala yake, uivae kiunoni chini ya nguo unazovaa kila siku, na usichague siku hiyo kuvaa koti ambalo hulivai Malindi. Chuchumaa, keti mahali pa chini kama mtu anayeketi mkekani, inama kama mtu anayepanda tuktuk, inua mikono juu. Urefu wa mpini ndio unaochomoza na kuonekana kupitia shati, kuliko urefu wa mtutu, na tofauti ya milimita chache kati ya mpini wa Glock 19 na wa P-10 C inaweza kuonekana kwa mtu mwembamba na isionekane kabisa kwa mwenye mwili. Kumbuka pia kwamba bastola ya dukani ni tupu: risasi 15 za milimita 9 zina uzito wa takriban gramu 180, na uzito huo wote unakaa ndani ya mpini, kwa hiyo usawa wa silaha utabadilika utakapoijaza.

Kwa mavazi mengine jibu ni kwamba hakuna bastola ya daraja hili inayofaa. Anayetoka na kikoi na fulana kwenda ufukweni aiache kwenye sefu nyumbani, imefungwa.

Hatua ya tisa: risasi halisi

Ukishabakiza mbili, jitahidi uzifyatue uwanjani kabla ya kulipa, kama kwa muuzaji wako jambo hilo linawezekana. Tumia risasi za aina moja kwa zote mbili, na ubadilishe bastola kila baada ya magazini moja, ili uchovu usiionee ile ya pili. Angalia mambo mawili. La kwanza, je, baada ya risasi tano mfululizo mikono ingali pale pale, au umekuwa ukirekebisha mshiko? La pili, vilengeo hurudi vyenyewe mahali pake, au unavitafuta? Ukubwa wa kundi la matundu kwenye shabaha usikusumbue sana siku hiyo. Fanya sehemu ya jaribio nje ya kivuli, kwa kuwa vilengeo vinavyoonekana vizuri chini ya taa ya duka hupotea katika jua la saa saba mchana, hasa vyenye nukta nyeupe zilizochakaa.

Andika matokeo ya kila hatua papo hapo, kwenye karatasi moja, bastola moja kila safu. Usitoe alama za kujumlisha. Bastola iliyoshindwa kwenye mpini au kwenye swichi ya usalama imeshindwa, hata kama imeongoza kwingine kote.

Kabla ya kuondoka

Uliza kuhusu magazini za akiba na ala. Glock 19 imekuwapo tangu 1988 na vifaa vyake hupatikana kwa urahisi kuliko vya nyingi. Kwa muundo usio wa kawaida, ione ala inayoukaa barabara kabla ya kutoa fedha, kwa sababu ala legevu isiyofunika triga ni hatari. Hakikisha migongo yote ya mpini imo ndani ya kasha. Kisha iombe bastola yenyewe utakayoichukua, kwa kuwa ile ya maonyesho imelainishwa na mikono ya wengi, urudie ukaguzi wa chemba, mshiko na triga, na ulinganishe nambari iliyochapwa kwenye fremu na slaidi na ile iliyoandikwa kwenye stakabadhi na kwenye hati zitakazopelekwa kwa Bodi.